Nini Kimesimama Nyuma ya Shilingi? Uhakiki wa Kazi ya Benki Kuu kwa Mfano wa Mpanda

Katika madarasa yetu ya itikadi, mwanafunzi anapoulizwa kazi ya Benki Kuu hujibu bila kusita: ni benki ya mabenki, ni benki ya Serikali, na ndiyo yenye mamlaka pekee ya kutoa noti na sarafu. Jibu hilo limo katika madaftari ya makada kwa miaka mingi na katika mtihani hupewa alama zote. Nia ya makala hii ni kulihakiki. Si jibu la uongo. Upungufu wake ni kwamba linaeleza Benki Kuu inafanya nini, likanyamaza kuhusu inamfanyia nani; na katika elimu ya siasa swali hilo la pili ndilo linalomtofautisha kada na mtunga kamusi.

Hapana chombo cha fedha kisichokuwa na tabaka kinalolitumikia, hata kama chenyewe kinadai kuwa kipo juu ya matabaka yote. Lakini haitoshi kusema hivyo kwa sauti kubwa kisha tukaketi. Lazima tupate kipimo. Kipimo ninachopendekeza ni hiki: shilingi inapotolewa, kitu gani kimesimama nyuma yake, na ni jasho la nani lililokileta kitu hicho? Noti yenyewe ni karatasi. Inayoipa nguvu ni mali fulani au ahadi fulani iliyoandikwa upande wa pili wa daftari la Benki. Ukilisoma daftari hilo pande zote mbili, utajua siasa ya nchi kuliko utakavyoijua kwa kusoma hotuba.

Mpanda inafaa kwa uchunguzi huu kuliko Dar es Salaam. Ardhi yake imetoa madini chini ya mifumo mitatu tofauti ya fedha, na mchimbaji wa kila mfumo ameacha fundisho.

Risasi ya Mpanda, pauni za London

Kabla ya Uhuru hatukuwa na Benki Kuu. Tulikuwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, makao yake London. Tusidanganywe na jina. Bodi ile haikuwa na tofauti kubwa na kibanda cha kubadilishia fedha: pauni zikiwekwa London, shilingi zilitolewa Afrika Mashariki, pauni zikitolewa, shilingi zilirudishwa. Haikuwa na kazi ya kukopesha mkulima, wala ya kuangalia kama Tanganyika inahitaji fedha nyingi zaidi wakati wa mavuno. Pauni zilizosimama nyuma ya shilingi yetu ziliwekezwa zaidi katika hati za mikopo za Uingereza na makoloni yake. Kwa maneno mengine, nchi maskini ilikuwa ikiikopesha nchi tajiri, na mkopo huo ukiitwa uthabiti wa sarafu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi huko Mpanda, pamoja na fedha na shaba na dhahabu kidogo iliyochanganyika na mawe hayo. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua, kiasi cha kilomita 210 kupita katika pori la miombo, ikakamilika mwaka 1950. Mabehewa yakashusha madini kwenda pwani. Madini yakauzwa ng'ambo, malipo yakawa pauni. Mkonongo au Mbende aliyeshuka chini ya ardhi alilipwa mshahara wa shilingi. Na ili shilingi ile iwe halali, pauni ilibidi ikae London. Hapo ndipo unyonyaji wa kifedha unapotofautiana na ule wa mshahara mdogo tuliouzoea katika mihadhara yetu. Hata kama mwenye mgodi angekuwa mtu mwema na kuwaongezea watu wake ujira maradufu, kila shilingi ya ujira ule ingehitaji pauni nyingine London.

Mwaka 1955 Bodi iliruhusiwa kutoa sehemu ndogo ya shilingi dhidi ya hati za mikopo za serikali za Afrika Mashariki zenyewe. Ilikuwa hatua, lakini ya mtu anayesogeza mguu mmoja na kuuacha mwingine. Mwaka 1960 makao ya Bodi yalihamishiwa Nairobi, na mwaka huohuo mgodi wa Mpanda ukafungwa. Reli ikabaki, mashimo yakabaki. Nchini Tanganyika haikuwapo hata ofisi moja ya fedha yenye mamlaka ya kuuliza kama mji ule ulihitaji mkopo wa kuanza kazi nyingine.

Ushindi wa 1966 na kosa lililofuata

Tarehe 10 Juni 1965 Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alitangaza kwamba Tanzania itaanzisha benki kuu na sarafu yake. Sheria ilipitishwa Desemba 1965 na Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa tarehe 14 Juni 1966, Gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Vijana wa leo huiona tarehe hiyo kama jambo la kiofisi. La hasha. Bila Benki Kuu, kutaifisha mabenki Februari 1967 kungekuwa sawa na kumnyang'anya mtu gari ambalo funguo zake ziko London. Azimio la Arusha lilipata mahali pa kushika kwa sababu chombo cha kutoa fedha kilikuwa tayari kimekaa mikononi mwa taifa.

Sheria ya 1965 ilikuwa ya tahadhari. Iliiwekea Benki mipaka ya kuikopesha Serikali. Mwaka 1978 sheria ilirekebishwa, Benki ikapewa jukumu pana la maendeleo pamoja na mifuko maalumu, ukiwamo wa vijijini na wa viwanda. Nia ilikuwa safi, nami sioni sababu ya mwanamapinduzi yeyote kuionea haya: kama fedha ni ya taifa, basi iende linakohitajika taifa. Lakini uhakiki haupimi nia.

Tuangalie mahindi. Wakati huo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, mmoja wa mikoa minne ya kusini iliyotegemewa kwa mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, mkulima awe karibu na soko au awe mwisho wa reli. Kwa mkulima wa Mpanda bei hiyo ilikuwa haki kubwa, kwani umbali haukuwa kosa lake. Gharama ya haki hiyo, yaani lori, dizeli, magunia na ghala, iliangukia Shirika, Shirika likakopa Benki ya Taifa ya Biashara, deni halikulipika, na nyuma ya Benki ya Biashara ilisimama Benki Kuu. Mwisho wa mnyororo, kilichosimama nyuma ya shilingi kilikuwa karatasi ya deni ambalo kila mtu ofisini alijua halitalipwa.

Nani alilipa? Miaka ya 1980 bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka. Mkulima yule yule aliyesaidiwa kwa bei ya usawa alingoja malipo yake miezi kadhaa, na yalipofika, sabuni na jembe vilikuwa vimeshamkimbia. Alichopewa kwa mkono wa kulia kikachukuliwa kwa mkono wa kushoto, na mkono ule wa kushoto haukuonekana. Hilo ndilo ninaloliita kosa. Kumsaidia mkulima wa mbali ni uamuzi wa siasa, na gharama yake ilipaswa kuandikwa katika Bajeti, ijadiliwe bungeni na kwenye vikao, wananchi waijue na kuikubali. Ilifichwa ndani ya vitabu vya Benki. Ujamaa unaofichwa katika vitabu vya benki humzaa mlanguzi, kwa sababu mlanguzi ndiye wa kwanza kugundua kwamba noti haina kitu nyuma yake.

Dhahabu ilisema hivyo hivyo kwa njia yake. Bei rasmi ilihesabiwa kwa thamani ya shilingi isiyokuwa ya kweli, hivyo dhahabu ya wachimbaji wadogo ilipotea mipakani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilipoanza kuinunua kupitia benki za biashara kwa bei iliyokaribia ile ya mitaani, dhahabu ikajitokeza. Zoezi hilo halikudumu, lakini lilikwisha kuonyesha kwamba mchimbaji hakuwa adui wa taifa kama ilivyodhaniwa na baadhi ya watendaji. Alikuwa anajua kuhesabu.

Fundisho la bei peke yake

Sheria ya 1995, na baada yake ile ya 2006, iliirudisha Benki kwenye jukumu kuu moja: kuwa na bei zilizo tulivu. Wako makada wanaoiona sheria hii kama hati ya kusalimu amri kwa mabepari wa dunia. Siafikiani nao moja kwa moja. Mfumuko wa bei ni kodi isiyopitishwa na Bunge, na humtoza zaidi yule asiye na nyumba ya kupangisha wala dola za kuficha. Mfanyakazi wa mshahara na mama ntilie wa Mpanda mjini wananufaika bei zinapokaa asilimia 3 hadi 5 kwa mwaka, kama zilivyokaa kwa sehemu kubwa ya miaka ya karibuni. Anayelidharau hilo hajawahi kununua unga kwa kibaba.

Lakini fundisho hili nalo lina ukimya wake. Kwanza, linasisitiza uhuru wa Benki Kuu bila kuuliza uhuru kutoka kwa nani. Mwaka 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 130 zilitoka katika akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa ndani ya Benki, zikaenda kwa makampuni 22, na Januari 2008 uteuzi wa Gavana ukatenguliwa. Sheria ya bei tulivu ilikuwapo. Uhuru wa Benki ulikuwapo. Lililokosekana ni jicho la umma.

Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi hapa, chombo chake kikubwa ni riba. Tangu Januari 2024 Benki hutangaza Riba ya Benki Kuu, ikaanza na asilimia 5.5, ikapandishwa hadi 6 Aprili mwaka huo, na Julai 2025 ikateremshwa hadi 5.75. Katika benki za biashara namba hiyo husomwa kwa makini. Sasa twende nayo Dirifu au Ibindi, kwenye maduara. Mwenye duara hakopi benki. Hana hati ya nyumba, na shimo halikubaliki kuwa dhamana. Anakopa kwa mfadhili: unga, maharage, baruti, dizeli ya pampu, fedha ya karasha. Mfadhili hatozi riba kwa asilimia. Anachukua haki ya kununua dhahabu itakayopatikana, kwa bei yake. Riba ya Benki Kuu ikipanda au ikishuka, inapita juu ya kichwa cha mtu huyu kama ndege anayekwenda Dar es Salaam.

Dhahabu yarudi kwenye daftari

Kwa sababu hiyo hatua zilizoanza 2019 zina uzito wa kinadharia ambao haujaelezwa vya kutosha katika majarida yetu. Mwaka huo wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa mikoani. Mkoa wa Katavi, uliozaliwa 2012, una soko lake Mpanda. Mwaka 2023, wakati dola zilipokuwa haba nchini na bei ya dizeli ikiwasumbua watu wa Mpanda ambao kwa miaka mingi hata umeme wao ulitokana na majenereta, Benki Kuu ilianza tena kununua dhahabu ya ndani kwa ajili ya akiba ya taifa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaosafirisha dhahabu wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki. Anayeuza kwenye mkondo huo amepewa nafuu: mrabaha wa asilimia 4 badala ya 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 kufutwa.

Tulipime tendo hili kwa kipimo chetu. Benki inamlipa muuzaji kwa shilingi, na shilingi hizo inazitoa yenyewe. Upande wa pili wa daftari inaingia dhahabu. Hapa hakuna pauni London, wala deni la shirika lisilolipika. Nyuma ya shilingi kumesimama kitu kilichotoka chini ya ardhi yetu, ambacho hakuna serikali ya kigeni inayoweza kukifuta kwa kuandika barua. Tangu 1919 hatujapata kukaribia zaidi sarafu iliyosimama juu ya kazi ya mzalishaji wake.

Msomaji makini atauliza: je, huku si kuchapa fedha kama zamani? Swali ni la haki. Shilingi mpya zinazoingia Mpanda zinatafuta mchele na bati siku hiyo hiyo, ilhali dhahabu iliyonunuliwa haiwezi kuliwa wala kuezekwa. Kwa hiyo Benki inapaswa kuzifuata shilingi hizo na kuzipunguza, kwa kuuza hati zake kwa mabenki, na gharama ya hati hizo ipo. Tena bei ya dhahabu duniani hupanda na kushuka. Tofauti na miaka ya 1980 ni kwamba dhahabu inaweza kuuzwa kesho asubuhi, na deni la Shirika la Usagishaji lisingeuzika hata kwa senti. Lakini tofauti hiyo inadumu iwapo Benki itanunua kwa kiasi inachoweza kukimudu, na si kwa ajili ya kupata habari nzuri ya gazetini.

Pale mkondo unapokatika

Uhakiki wangu mkubwa unaanzia hapa. Benki Kuu hainunui kwa mchimbaji. Inanunua kwa yule aliyefikisha dhahabu kwenye kiwanda cha kusafishia, na viwanda hivyo viko Mwanza, Geita na Dodoma. Kati ya duara na kiwanda wapo watu wengi: mwenye leseni anayekata fungu lake, mwenye duara, mwenye karasha, mwenye mwalo anayebaki na marudio, ambayo mara nyingi yana dhahabu zaidi ya ile iliyokamatwa na zebaki, kisha mfadhili, kisha dalali, kisha mnunuzi mwenye leseni sokoni. Kila mmoja ana kazi yake na simwiti kila mmoja kupe. Dalali anayetembea na pikipiki hadi shimoni anafanya kazi ambayo benki zote za nchi hii zimeshindwa kuifanya. Hata hivyo, ile nafuu ya asilimia 2 ya mrabaha na asilimia 1 ya ukaguzi huandikwa katika hati ya mtu wa mwisho. Hakuna kanuni inayoilazimisha ishuke hadi kwa aliyeshika moko na sururu.

Mfadhili anapokuwa amekwisha kununua dhahabu kabla haijachimbwa, bei inayobandikwa kwenye soko la Mpanda haimhusu mchimbaji. Ni bei ya mfadhili. Kwa hiyo tunaweza kuwa na akiba ya dhahabu inayokua katika vyumba vya Benki huku mahusiano ya uzalishaji shimoni yakibaki yale yale. Shilingi itakuwa imesimama juu ya jasho la mchimbaji, na mchimbaji mwenyewe atakuwa amesimama juu ya deni.

Wapo watakaosema: basi Benki Kuu ifungue dirisha la mikopo Mpanda, iwape wachimbaji fedha moja kwa moja. Huo ni mwaka 1978 umevaa kofia ya mgodini. Benki Kuu haimjui mwenye duara, haina mtu wa kushuka kukagua shimo, na mkopo wake ukipotea hupotea kwa njia ya bei, kwa kila mtu. Wanaosema kwamba jambo hili halimo katika kazi yake hata kidogo nao wanasahau kwamba kwa kununua dhahabu Benki imekwisha kuingia katika biashara hii. Mnunuzi mkubwa hawezi kudai kwamba hahusiki na namna mali inavyopatikana.

Mfano wa njia ya tatu upo, tena ni wa Benki yenyewe. Mwaka 2021 ilitenga shilingi trilioni 1 za kuyakopesha mabenki kwa riba ya asilimia 3, kwa sharti kwamba yaikopeshe sekta ya kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Benki ya biashara ndiyo inayobeba hatari na ndiyo inayopaswa kumjua mkopaji; Benki Kuu inaweka sharti. Katika Katavi mpango wa namna hiyo una mahali pa kushika kwa upande wa tumbaku na mpunga, kwa sababu mkulima wa tumbaku yumo katika chama cha msingi na mazao yake hupimwa mahali panapojulikana. Mchimbaji hana chama cha msingi chenye nguvu ya namna hiyo. Ana umoja unaokutana kiongozi wa Serikali anapotembelea machimbo. Pasipo ushirika wa kweli wenye mizani yake, karasha yake na daftari la wanachama, hakuna benki itakayempata, na sharti la Benki Kuu litabaki Mbeya, liliko tawi lake la nyanda za juu.

Hapa lawama si ya Benki peke yake. Makada tuliomo katika matawi ya machimboni tumekuwa hodari wa kuandikisha wanachama na wavivu wa kufanya utafiti. Tunaweza kutaja Gavana ni nani. Hatuwezi kusema, kwa duara moja tu la Dirifu, ni gramu ngapi zilikuwa zimeshakopewa kabla jiwe la kwanza halijafika karashani, ni ngapi zilipita sokoni na ni ngapi zilikwenda na pikipiki usiku. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Inahitaji kijana mmoja mwenye daftari, anayeaminiwa na wachimbaji, akae nao kwa msimu mmoja wa kiangazi maji yanapokuwa yameshuka mashimoni. Ikipatikana kwa maduara 20 au 30, itakuwa na uzito mbele ya mabenki, mbele ya Tume ya Madini na mbele ya Benki Kuu yenyewe kuliko maazimio yote tuliyokwisha kuyapigia makofi, na darasa letu litapata jibu jipya la kuandika chini ya lile la zamani.